Mapaa ya Lalibela: wenyeji wanaotaka yatolewe hawajakurupuka

Picha ya Lalibela, ule mji wa Ethiopia wenye makanisa ya kuchongwa kwenye mwamba, inayozunguka mtandaoni ni ileile kila mwaka, Bete Giyorgis, kanisa la umbo la msalaba lililozama kwenye shimo la mita 12 hivi. Makanisa mengine ya hapo, kama Bete Maryam na Bete Medhane Alem, huyaoni sana maana juu yake kuna mapaa makubwa ya kisasa yamebebwa na nguzo ndefu za chuma, yaliwekwa 2008 kwa hela za Umoja wa Ulaya, na yalisemwa ni ya muda tu. Mwaka 2018 wenyeji wakaandamana wakitaka yaondolewe, Machi 2019 Rais wa Ufaransa Macron akapita pale akaahidi Ufaransa itasaidia, na ubishi haujaisha.

Walioweka hayo mapaa wana hoja, tena sio ndogo. Ule mwamba ni wa volkano, una vitundu, unanyonya maji, na mvua za kule Juni mpaka Septemba hazina mzaha. Maji yakiingia kwenye ufa yanaula taratibu, na haya makanisa yana miaka kama 800. Ukitoa paa kesho bila kuziba kitu, mvua inaendelea pale ilipoishia.

Sasa ukisoma komenti unakuta wenyeji wanachukuliwa kama watu wanaogopa sayansi, au eti wanataka picha nzuri za watalii. Hapana bana. Hawa wameshaona msaada ukigeuka hasara, miaka ya 1950 mafundi walipaka lami juu ya mapaa ya mawe kuzuia maji, miaka ya 60 ikabidi wengine waje kuibandua! Mtu mwenye historia hiyo akikuuliza "na hii itatolewa lini" utamwita mshamba?

Alafu kuna zile nguzo. Hapa ndo mi huwa nakwama. Kanisa la Lalibela halikujengwa, lilichongwa kutoka juu kwenda chini, yani ukuta, sakafu, nguzo za ndani na uwanja unaolizunguka vyote ni jiwe moja. Kwahiyo ukisimika chuma kizito pembeni hujasimika "pembeni" kabisa, umesimika kwenye mwamba uleule ambao ndo kanisa lenyewe, na chini yake kuna mahandaki na njia za kupita. Upepo ukilisukuma paa, nguvu inashuka wapi? Wenyeji walichokuwa wanalia nacho ni hicho, litatuangukia, na hawa ni watu wanaosali humo, sio makumbusho. Genna, yani Krismasi ya Ethiopia, Januari 7, mapadri wanajipanga ukingoni juu ya uwanja wa Bete Maryam na wenzao chini wanaitikia, mahujaji wa nguo nyeupe wamejaa kila jiwe, sasa weka hapo hofu ya chuma juu ya vichwa.

Angalia pia Bete Giyorgis, halina paa la kuazima. Juu limechongwa misalaba mitatu, mmoja ndani ya mwingine, na pembeni kuna mifereji ya kutema maji. Wataalamu watasema lilikuwa zima zaidi tangu mwanzo, sawa, lakini inaonyesha wachongaji walishawaza mvua.

Mi ningeanza na nyufa, zizibwe kwa mkono wa mafundi wa palepale waliofundishwa, alafu litolewe paa moja tu, misimu miwili ya mvua ipite watu wakipima unyevu ukutani, ndo waguse la pili.