Baada ya mashine kusimama

Mwaka 1982 General Motors ilifunga kiwanda chake cha magari kilichokuwa Fremont, California, ambacho wafanyakazi wake walijulikana kwa utoro, migomo na kazi mbovu. Mwaka 1984 kilifunguliwa upya kwa ubia na Toyota, kikiitwa NUMMI. Wengi wa walioajiriwa walikuwa wale wale, chini ya chama kile kile cha wafanyakazi. Utoro ulishuka sana, na magari yakatoka na kasoro chache.

Wanaosema utamaduni wa kazi ndio humfinyanga mfanyakazi wana hoja nzito hapo. Zamani kazi haikusimamishwa hata gari likipita na kasoro. NUMMI ilimpa kila mtu kamba ya kuvuta anapoona kasoro, ili kazi iweze kusimamishwa. Alipoivuta, kiongozi wa timu alikuja kusaidia kutatua tatizo badala ya kutafuta wa kumlaumu. Kwangu mimi, utamaduni wa kiwanda haupo kwenye maneno yaliyobandikwa ukutani. Upo katika dakika ile moja baada ya mashine kusimama. Msimamizi akifoka, kasoro inayofuata itafichwa, na atakayeigundua ni mteja, au mwenzako aliyekwisha kuumia.

Lakini kuna jambo ambalo wasifuo utamaduni hulipita haraka mno. Mkataba wa NUMMI uliahidi kwamba kabla ya kupunguza wafanyakazi, kampuni ingekata kwanza mishahara ya mameneja. Magari yalipokosa wanunuzi mwishoni mwa miaka ya 1980, watu walipelekwa mafunzoni, hawakufukuzwa. Nani angethubutu kuvuta kamba bila uhakika huo?

Hofu nayo hujenga utamaduni wake. Katika kiwanda cha Hawthorne karibu na Chicago, watafiti walichunguza mwaka 1931 na 1932 wanaume 14 waliokuwa wakiunganisha nyaya za simu. Aliyezidisha kasi alipigwa ngumi begani na wenzake. Ungedhani ni wavivu, kumbe waliamini kwamba wakizalisha zaidi, malipo kwa kila kipande yangeshushwa au baadhi yao wangepoteza kazi. Kuwapa semina ya moyo wa kujituma kusingegusa hofu hiyo.

Ndiyo maana nina shaka na kampuni inayowaambia wafanyakazi "sisi ni familia moja" huku ikiwaajiri kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu. Aliye kwenye mkataba wa namna hiyo anajua kimya ndicho kinachomfanya aitwe tena, na hataivuta kamba hata ikining'inia mbele ya uso wake.