Ini la panya na sembe yetu

Asante mwandishi kwa habari hii ya panya wa maabara ambao vimeng'enya vya ini (protini zinazoendesha kazi za kikemikali mwilini) vilibadilika kabla saratani haijaonekana. Ila jamani, tusiishie kusema ni mambo ya panya tu.

Panya mzima mwenye afya, seli zake za ini karibu hazina kabisa kimeng'enya kiitwacho GGT. Akilishwa kemikali ya kuleta saratani, huanza kujitokeza vijisehemu vya seli zenye GGT nyingi, muda mrefu kabla ya uvimbe. Vingi kati ya hivyo hurudi hali ya kawaida, na hapo kichwa cha habari kimetia chumvi kwa kufanya ionekane kila badiliko huishia saratani.

Mimi linalonigusa ni kemikali ya namna hiyo iliyomo kwenye chakula chetu: sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa mahindi, hasa ile iitwayo aflatoksini. Aflatoksini ikifika kwenye ini, vimeng'enya vyenyewe ndivyo huigeuza kuwa kitu kinachong'ang'ania DNA (vinasaba vya seli). Panya wa jamii ile ndogo (mice) wana kimeng'enya cha kuizima upesi, ndiyo maana hawaugui kirahisi. Panya wa jamii kubwa (rats) hawana cha kutosha, na binadamu kwa hilo tunafanana nao zaidi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na sembe tunayokula hapa Dar hutoka mikoani. Ndugu zangu wafanyabiashara wa Tandale na Manzese, mahindi yaliyoota ukungu yatupeni, msiyachanganye na mazima, kwa sababu kusonga ugali hakuiondoi sumu. Na mwenye homa ya ini B akiila, hatari ya saratani ya ini huongezeka mno, kwa hiyo wazazi msikose chanjo za watoto kliniki.