Kilele na Vidato Vyake

Mwanafunzi wa fasihi akiulizwa kilele cha hadithi kiko wapi, mara nyingi hukimbilia kurasa za mwisho, akachagua tukio lenye damu au machozi, akaweka kalamu chini. Majibu ya namna hiyo yananisikitisha, maana yanaonyesha tumelishika neno kwa ncha tu.

Kilele tunachokifundisha darasani kimebeba dhana ambayo Waingereza huiita climax. Asili yake ni Kigiriki, klimax, yaani ngazi. Ngazi nzima, si kipandio cha juu peke yake. Wajuzi wa balagha, yaani ufundi wa usemi, waliita hivyo usemi unaopanda kwa kushikana: neno lililofunga kauli moja ndilo linalofungua ya pili. Mtume Paulo, akiwaandikia Warumi, anapanda hivyohivyo: dhiki huleta saburi, saburi huleta uthabiti wa moyo, uthabiti huleta tumaini. Ondoa saburi, na tumaini linabaki linaning'inia hewani. Malenga wetu wanaufahamu mwendo huu. Shairi la pindu, au mkufu, huchukua mwisho wa ubeti likaufanya mwanzo wa ubeti unaofuata.

Wapo wanaosema hayo ni mambo ya kale, na hoja yao ina uzito. Kwa Kiingereza chenyewe, maana ya sehemu ya juu kabisa ilishaenea tangu mwishoni mwa karne ya 18. Tena kilele ni neno letu, halidaiwi na Mgiriki: ni ncha ya mti, ni Uhuru kule Kilimanjaro, mita 5,895. Tukisema kilele cha Nane Nane ni tarehe 8 Agosti, hakuna anayepotea njia. Neno ni la wanaolitumia. Hilo silipingi.

Lakini tutazame mnazi. Mkwezi wa pwani huchanja vidato kwenye shina ili apate pa kuweka mguu, na kutoka kwenye mikato hiyo ndipo tulipopata Kidato cha Kwanza hadi cha Sita. Mtu anaweza kuniambia kwamba neno hili nalo limehama, kwani mwanafunzi hakwei mnazi. Limehama kweli, ila limehama na mzigo wake: hadi leo kidato hudai kile kilichokitangulia, na cha nne hakifikiwi bila cha tatu. Kilele cha darasani ndicho kilichoutua mzigo huo njiani. Tunakitaja kama mahali, bila kuuliza mtu alipandaje kufika huko, na taharuki, ile hamu ya kujua kitakachofuata, ambayo ndiyo kupanda kwenyewe, tunaiorodhesha mbali kama mbinu nyingine.

Na wala ncha hiyo si lazima iwe mwishoni. Gustav Freytag, Mjerumani aliyeichora tamthilia kama piramidi mwaka 1863, aliweka kilele katikati, kisha kushuka. Tazama Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere. Ina sehemu tano, na Kaizari anachomwa visu katika ya tatu. Anayetafuta kilele kwa kufunua kurasa za mwisho atakikuta kifo cha Brutus, mmoja wa waliomuua Kaizari, atakiandika, na atakosa. Anayehesabu vidato, kuanzia wivu wa Cassius, mwenzake Brutus katika njama, barua za kughushi, usiku Brutus asiolala, atafika mwenyewe kwenye visu vile, na ataona kwa nini kila kinachofuata ni kuteremka.