Kambakochi wabichi wa London: polisi wa ridhaa, lakini ridhaa ya nani?

Aliyewahi kupika kambakochi anajua kwamba akitoka baharini huwa na rangi ya kiza, mwingine buluu kabisa, na wekundu humjia akishachemka. Mwaka 1829 watu wa London walipoiona sare mpya ya polisi wa mji wao, koti la buluu na kofia ndefu nyeusi, waliwabandika askari hao jina la kambakochi wabichi. Jeshi la Uingereza siku hizo lilivaa nyekundu. Kwa hiyo hawa, walisema wenye mji, ni wanajeshi wale wale, ila bado hawajaingizwa chunguni.

Kuna wanaosema utani ule ulikosea: London ilizaa polisi wa kiraia, wasiobeba bunduki, wanaofanya kazi kwa ridhaa ya wananchi. Kuna wanaosema utani ulikuwa kweli tupu, na kilichobadilika ni rangi ya kitambaa. Mimi naona kila upande unasema kweli kuhusu mitaa fulani, na kosa huanza pale upande mmoja unapotaka mtaa wake uhesabiwe kuwa London nzima.

Tuanze na wanaoisifu, maana hoja yao si nyepesi. Kabla ya 1829 kila parokia ilikuwa na walinzi wake wa usiku, wengine wazee, wengine walevi. Ghasia zikizidi, dawa ilikuwa kuita jeshi. Katika ghasia za Gordon mwaka 1780 wanajeshi waliwapiga watu risasi jijini humo humo, wakafa mamia. Mwaka 1819, Manchester, wapanda farasi wenye mapanga waliuvamia umati uliokuwa umekuja kusikiliza hotuba. Robert Peel, waziri wa mambo ya ndani, alitaka kitu cha katikati. Sheria ilipita Juni 1829, na tarehe 29 Septemba askari wa kwanza wakaingia doria.

Tazama walivyovalishwa. Rungu la mbao lilifichwa chini ya mkia wa koti ili lisionekane. Namba iliwekwa kwenye ukosi, mtu akionewa ajue anamshtaki nani. Sare waliivaa hata wakiwa hawako zamu, raia wasije wakadhani wamewekewa majasusi. Na nidhamu haikuwa ya maneno: askari aliyeandikishwa namba 1 alifukuzwa siku ile ile ya kwanza kwa ulevi. Maagizo yao ya mwanzo yaliweka kuzuia uhalifu mbele ya kuwakamata wahalifu. Mpaka leo askari wengi wa London wanazunguka bila bastola. Kwa mtu aliyekulia kwenye mji ambao afande wa benki na afande wa soko la ndizi wote wameshika bunduki, hilo si jambo la kulipita kama vile halipo.

Sasa upande wa pili. Wao hawaanzii 1829 bali 1798, kwenye Mto Thames, ambako hakimu Patrick Colquhoun alianzisha polisi wa mtoni kwa fedha za wafanyabiashara wa Karibi. Kazi yao ilikuwa kulinda shehena, ikiwemo sukari iliyolimwa na watumwa, isiibwe na wapakuaji. Lakini sehemu ya huo wizi wapakuaji waliihesabu kuwa marupurupu: kilichomwagika sitahani ni cha aliyebeba, ndivyo walivyokuta na ndivyo walivyolipwa miaka yote. Polisi walipofika, marupurupu yakageuka kosa la jinai. Baadaye Peel aliyatumia mawazo ya Colquhoun, kwa hiyo swali la nani alindwe dhidi ya nani lilikuwa limejibiwa kabla koti la buluu halijashonwa.

Tena Peel mwenyewe alikuwa amefanya kazi Ireland tangu 1812 hadi 1818 akiwa katibu mkuu wa serikali, na huko, mwaka 1814, aliunda kikosi cha kutuliza vijiji vilivyoasi. Kwa hiyo kichwa kimoja kilibuni polisi wawili, wa ridhaa kwa London na wa kutiisha kwa Ireland. Sisi wa makoloni tuliletewa aina ipi? Kuanzia 1907 maofisa waliopangiwa polisi wa makoloni walipelekwa kufunzwa Dublin, kwenye depo ya polisi wa Ireland. Mtu akishangaa kwa nini afande wetu anaishi kambini na kupiga kwata kama mwanajeshi, jibu lake moja liko hapo.

Na zile "kanuni tisa za Peel" zinazosomwa kwenye mafunzo ya polisi jamii duniani kote, ile ya kwamba polisi ni wananchi na wananchi ni polisi, kwa mtindo huo wa orodha hazikuandikwa na Peel. Ziliungwa na mwandishi wa historia, Charles Reith, zaidi ya miaka mia moja baadaye. Nzuri ni nzuri. Ila anayezitaja kama ushahidi wa jinsi mambo yalivyokuwa anataja picha iliyochorwa baada ya harusi.

Kama ridhaa ilikuwepo tangu mwanzo, basi haikufika Coldbath Fields, uwanja mmoja wa London. Mei 1833 wafanyakazi walikusanyika pale kudai haki za kisiasa. Polisi wakafunga njia, wakashusha marungu. Konstebo Robert Culley alichomwa kisu, akajikokota hadi baa ya jirani, akafia hapo. Uchunguzi wa kifo ukafanyika ghorofani mwa baa hiyo hiyo, mbele ya juri ya raia 17, watu wa maduka na biashara ndogo ndogo. Hao si wahuni, walikuwa walipakodi. Uamuzi wao: kuuawa kwa konstebo kulikuwa na uhalali, kwa kuwa umati haukuonywa kisheria na mwenendo wa polisi ulikuwa wa kikatili. Mji ukawashangilia. Mahakama ya juu ikautupa uamuzi huo.

Wanaoisifu polisi wana jibu la haki hapa: hasira ile ilipoa. Miaka ilivyokwenda, askari wa buluu akawa "bobby", jina lililotokana na Robert, nalo hutajwa kwa upendo. Ni kweli. Lakini lilipendwa zaidi na waliomwona akipita kuliko waliosimamishwa naye.

Sheria ya uzururaji ya 1824 ndiyo inayonishawishi zaidi. Msomaji wa Dar es Salaam aliyewahi kusombwa na karandinga kwa "uzembe na uzururaji" anaijua, maana maneno yake yaliingia kwenye sheria za jinai za makoloni na mengine hayajatoka. London ilitumika kwa vijana weusi: polisi wawili wakisema wamekushuku, ulikuwa na kesi. Aprili 1981 askari waliovaa kiraia walimwagwa Brixton, mtaa wa London wenye weusi wengi, wakawasimamisha na kuwapekua watu karibu elfu moja kwa siku chache. Brixton ikawaka. Mwaka huo huo kipengele cha kushuku kikafutwa, kwa muswada uliokuwa bungeni tangu kabla ya moto huo. Juri ya Coldbath Fields ilipuuzwa, kipengele hicho kikadumu zaidi ya karne moja na nusu, na hilo haliwapendezi wanaosema ridhaa huombwa kwa utaratibu.

Kisha Stephen Lawrence, kijana mweusi wa miaka 18, aliyeuawa kituoni akisubiri basi Aprili 1993 na genge la wazungu. Upelelezi ulivurugwa tangu usiku wa kwanza. Ripoti ya 1999 ya tume ya jaji mstaafu Macpherson ikasema ndani ya polisi wa London kuna ubaguzi wa kitaasisi. Wauaji wawili walipatikana na hatia mwaka 2012, miaka 18 na ushee baadaye, kwa kuwa wazazi wake hawakunyamaza.

Hapa naupa upande wa kwanza alama yake kubwa: ni polisi wangapi duniani wanaochunguzwa na jaji kutoka nje, ripoti ikachapishwa, kila mtu akaisoma? Nikiangalia tume zetu na ripoti zinazolala kabatini, siwezi kuibeza alama hiyo. Ila Machi 2023, baada ya askari wa polisi hao hao, akiwa hayuko zamu, kumteka na kumuua Sarah Everard mwaka 2021, ripoti ya Louise Casey ikarudi na neno lile lile la kitaasisi, sasa likibeba ubaguzi wa rangi, chuki dhidi ya wanawake na dhidi ya mashoga. Kamishna Mark Rowley alikubali yaliyomo, akakataa neno. Alisema lina utata na limeingizwa siasa. Mmoja wa watangulizi wake, Paul Condon, naye alilikwepa mbele ya tume ya Macpherson mwaka 1998, kabla hajalikubali mwaka uliofuata.

Wale wenye maduka 17, waliokaa juu ya baa mwaka 1833, waliandika "kikatili" baada ya siku chache tu.