Shikamoo na visu viwili mkononi

Kisu changu cha samaki kilifika mahali hakikati tena, kinabembeleza. Nakaanga samaki hapa Ngamiani, Tanga, nguru nawafuata soko la samaki la Deep Sea alfajiri, na wiki ile vipande vyangu vilikuwa kama vimetafunwa na paka. Mteja mmoja aliniuliza, kwa upole kabisa, kama yule nguru aligongwa na bodaboda.

Kosa langu. Nilikuwa nimempelekea mchomelea mageti, akakiweka kwenye grainda ya umeme. Cheche, kelele, dakika moja kimerudi, makali yamepiga rangi ya buluu. Nikasifia mpaka buluu! Kilikata siku mbili.

Sasa mnoa visu wa baiskeli hana siku maalumu. Ni waja leo waondoka leo. Ukimkosa, mpaka Mungu apende. Asubuhi hiyo niko bafuni, nikasikia: "Noa visuuu, noa mikasi!" Nikajifunga kikoi, nikakwapua visu viwili, nikatoka.

Keshapinda kona. "Wewe! Simama hapo hapo!"

Akageuka. Hebu mfikirie na yeye: jitu kifua wazi, povu la sabuni sikioni, kisu mkono huu, kisu mkono huu, linakuja mbio. Akakanyaga pedali.

Barabara ya 8, ya 9, ya 10. Kikoi kikaanza kulegea na mikono yote ina kazi, ikabidi nikibane kwa kiwiko, nakimbia upande upande kama kaa. Barabara ya 11 pana kijiwe cha kahawa. Mzee mmoja akasimama katikati ya njia, kikombe bado mkononi.

"Shikamoo mzee," nikasema, nahema.

"Marahaba. Visu chini."

Nikaviweka.

"Mtoto wa watu kakukosea nini?"

"Hajanikosea, mzee. Nataka aninolee."

Kijiwe kizima kikanitazama. "Basi hapo umenoa mwenyewe," akasema, wenzake wakaangua kicheko mpaka kete za bao zikamwagika. Wakampigia fundi mluzi. Akarudi, lakini alisimama ng'ambo ya barabara, baiskeli kaiweka katikati yetu kama ukuta, mpaka alipohakikishiwa na watu watatu.

Akaisimamisha kwenye stendi, akavisha mkanda wa kuzungusha jiwe, akakaa kwenye siti akaanza kukanyaga. Akakigusisha kisu kidogo, akakitoa, akakichovya kwenye kopo la maji, akarudia.

"Hiki kiliunguzwa," akasema. Sikuwa nimemwambia neno. Kumbe ile buluu ndiyo alama: chuma kimepata moto hadi ugumu umekitoka, na hapo ukinoe utakavyo, hakishiki makali. Ilibidi alisage lile eneo lote lililoungua, akifikie chuma kizima. Kisha akashika kinoo cha mkono, akakilaza kisu kama digrii 20 hivi, huku na huku, akipapasa kwa ukucha kile kijichuma chembamba kinachojikunja upande wa pili. Kikijikunja, ujue jiwe limefika mwisho wa makali. Akakiondoa kwa kukikokota kisu taratibu kwenye kipande cha ngozi. Halafu akaning'iniza ukurasa wa gazeti hewani. Kisu kikapita kama hakuna kitu.

"Visu vyote viwili, shilingi 1,000."

Nikatoa noti ya 2,000 kwenye pindo. Akaikunja, akaitia mfukoni.

"Chenji?"

"Hiyo nyingine ya mbio, kaka."

Sikubisha. Nikavifunga visu kwenye gazeti lile lile, nikavichomeka kiunoni ili nipate kuwapa wazee mkono kwa adabu. Nikaaga. Hatua ya tatu nikasikia sauti ndogo, chwaa. Gazeti kwanza, halafu pindo. Visu vikadondoka mchangani, namshukuru Mungu vidole vya miguu vimebaki kumi, na kikoi kikavifuata. Ndani nilikuwa na bukta, tena ile iliyotoboka.

Mzee hakuinua hata macho kwenye bao.

"Fundi," akasema, "makali yamekubali."