Daraja dogo lipewe jina la mlinzi wa mto

Madaraja yetu makubwa yana majina ya marais. Ukitoka Tabora kuja Kigoma kwa barabara ya Kaliua, Malagarasi unauvukia Daraja la Kikwete. Rufiji wana la Mkapa, Kigamboni la Nyerere, na tangu Juni 2025 Kigongo na Busisi zimeunganishwa na la Magufuli. Sina ugomvi na hayo. Ninayoyaombea ni yale madogo, ya mito na vijito vinavyoteremka kwenda Ziwa Tanganyika, ambayo mengi hayajulikani kwa lolote zaidi ya "pale darajani".

Mkoa wa Kigoma una bahati na madaraja hayo. Mengi siku hizi ni ya mawe, ya upinde, yanayojengwa chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kwa msaada wa Ubelgiji. Mawe ya hapahapa, mafundi wa hapahapa, nondo hakuna. Mawe yenyewe yanabanana na kubeba mzigo. Daraja likijengwa na mikono ya wanakijiji, ni haki libebe jina la mwanakijiji.

Ninaye mtu moyoni, mama mmoja wa bonde la mto Luiche ambaye ameshatangulia mbele ya haki. Jina lake silitaji hapa, kwa sababu familia yake ndiyo yenye haki ya kulitoa kwanza. Shamba lake la mahindi lilifika mtoni, penye ule udongo mweusi ambao kila mkulima wa bonde anaupigania. Alipoelewa kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 zibaki bila shughuli za kudumu, alirudi nyuma. Akaacha sehemu nono kuliko zote na kulima ile ya changarawe. Kisha akakata matawi mazito ya mkuyu na kuyachomeka ukingoni, moja moja, akiyamwagilia kiangazi mpaka yakashika. Vijana waliokuwa wakichimba ukingo kufyatua matofali aliwafuata hukohuko mtoni, akazungumza nao kama wanawe. Wengine walimwita mbea wa serikali. Kwenye mikutano aliendelea kusimama.

Watu wa barabara wanapaswa kumshukuru kuliko mtu yeyote, maana adui mkubwa wa daraja dogo ni mto uliolimwa hadi ukingoni. Matete na miti vikishaondoka, masika hushusha tope na mchanga kutoka mashambani. Mchanga unatuama chini ya upinde, tundu linapungua, halafu magogo na migomba iliyong'oka inakuja kuziba palipobaki. Maji yakikosa njia yanazunguka pembeni na kula tuta la barabara. Asubuhi mnakuta upinde umesimama, haujatikisika hata jiwe moja, lakini kati yake na barabara kuna korongo, na pikipiki zenye madumu ya mawese zimepanga foleni ng'ambo zote mbili. Mama mjamzito anayepelekwa zahanati naye anasubiri hapohapo. Fundi amefanya kazi yake yote vizuri. Mto ndio uliokosa mlinzi.

Wapo watakaosema tumpe heshima hiyo Dkt. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe, aliyefariki Oktoba 2025. Ninamheshimu sana. Mradi wa TACARE ulioanzishwa na taasisi yake mwaka 1994 umerudisha miti kwenye vilima vingi vya Kigoma. Lakini jina lake haliwezi kupotea, dunia nzima inalijua. Yatakayopotea ni majina ya waliobeba miche kichwani. Hata ardhioevu ya Malagarasi na Moyowosi, ya kwanza Tanzania kuingia orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, mwaka 2000, ina hekta zaidi ya milioni 3 na inatajwa kwenye mikutano ya kimataifa, na bado sijaona popote kibao chenye jina la mkulima aliyeilinda. Wenzetu wa Nairobi walimpa Profesa Wangari Maathai barabara mwaka 2016. Sisi wenyewe tulipokuwa tunaweka anwani za makazi mwaka 2022 tulipata majina ya mitaa hadi vichochoro. Hatuwezi kushindwa kupata moja la daraja.

Najua italeta maneno. Kila ukoo una mzee wake, na mtu atauliza kwa nini huyu na si baba yangu. Swali hilo lijibiwe mbele ya wote: baba yako aliacha mita ngapi, alipanda nini, nani alimwona? Kama ana kazi kubwa zaidi mtoni, apewe yeye. Nisichokikubali ni kumpa jina mtu aliye hai, kwani hapo kujipendekeza kutaanza siku hiyohiyo.

Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Naomba ajenda mbili ziingie pamoja kwenye mkutano ujao: jina la daraja, na kuweka alama za mita 60 kila upande wa mto, juu na chini ya daraja. Jina likipita bila alama, mimi nitalipinga kwa heshima yake. Yakipita yote mawili, muhtasari upelekwe kata, kisha halmashauri. Kibao na saruji ya kukisimamishia tusimsubiri mfadhili, tuchangie wenyewe.