Muandike na wale wa soko

Wazo la kuwa na kaye (daftari) ya majina ya waliokufa kwa mafuriko vijijini Bushushu na Nyamukubi, kule Kalehe, Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, tarehe 4 Mei 2023, ni zuri. Ila msifuate orodha ya wakaaji peke yake. Ilikuwa Alhamisi, siku ya soko Nyamukubi. Muuzaji aliyetoka mbali hamtamkuta kwenye daftari la kijiji. Kila marehemu apate ukurasa wake: majina yote, la utani pia (mara nyingi ndilo majirani wanalolijua), alikotoka, alipokuwa maji yaliposhuka, na aliyetoa habari. Ndugu wakipishana, andikeni maelezo yote mawili, msifute. Na penseli, jamani! Kaye ikilowa, wino mwepesi unasambaa, penseli inabaki. Wasiotambuliwa nao wapewe kurasa: nguo, umri wa kukadiria, walipozikwa.